Wasomaji Wauliza: Paka wa Mtaani Anapohamia Ndani

Barua za safari hii karibu zote ni za paka, na nyingi zimetoka kwa watu ambao paka yumo ndani tayari. Si kosa. Paka wa mtaani hangoji mtu ajiandae. Barua ndefu tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Kuna paka jike wa kijivu anakuja barazani kwangu kila jioni, nami nimeanza kumpa chakula. Nitajuaje kama ana mwenyewe? Na kama hana, atakubali kufugwa? (Jirani wa Paka)

Tuanze na mwenyewe, maana paka anayeonekana mpweke kwako huenda ana majina matatu katika nyumba tatu. Kata ukanda wa karatasi laini wenye upana wa sentimita 2, andika "Paka huyu ni wako? Piga namba hii," umzungushie shingoni kwa ulegevu wa vidole viwili, ufunge ncha zake kwa kipande kidogo cha selotepu. Iwe karatasi, si uzi wala kitambaa: akinasa kwenye tawi au waya, karatasi itachanika na yeye ataponea. Akirudi ukanda umevuliwa vizuri au una jibu, ana kwao. Wiki ikipita kimya, onyesha picha yake kwa majirani, kisha daktari wa wanyama ampitishie kifaa cha kusoma chipu ya utambulisho, ambayo hukaa chini ya ngozi katikati ya mabega.

Tazama na masikio. Sikio moja, mara nyingi la kushoto, likiwa limekatwa ncha kwa mstari ulionyooka, hiyo si alama ya ugomvi. Katika nchi nyingi ndivyo wanavyotiwa alama paka waliofungwa kizazi wakarudishwa walikotoka, na huenda kuna mtu anayemwangalia.

Kama atakubali kufugwa, inategemea aliwaonaje watu utotoni. Paka hujifunza kwamba binadamu si adui akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 hivi. Aliyeshikwa na watu wakati huo kisha akapotea au kutelekezwa, ujuzi ule haumtoki: huja mchana, mkia umesimama, hukutazama usoni na hukulilia. Ambaye hakuwahi kuguswa huja giza likiingia, tumbo chini, hana sauti, na hali mpaka umeondoka. Huyu wa pili akiwa mtu mzima, kumfungia ndani mara nyingi ni kumtesa. Kumchanja, kumfunga kizazi na kumlisha hapo hapo alipo ni msaada mkubwa kuliko sofa. Wapenda paka wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini tunalisimamia. Ila usimhukumu paka akiwa ndani ya mtego au siku ya kwanza ya kufungiwa: hofu humfanya hata paka aliyelala vitandani miaka mitano aonekane wa mwituni.

Wako wa jioni, usimkamate kwa mikono. Weka kasha la kubebea hapo barazani mlango wake ukiwa wazi, umezuiwa nyuma kwa kamba usijipige, na sahani kando yake. Kila siku isogeze sahani kidogo mpaka ifike ndani kabisa. Akishakula humo siku kadhaa bila kugeuka nyuma, funga mlango taratibu, funika kasha zima kwa taulo, kisha nyanyua. Kasha likiwa gizani paka hutulia haraka.

Tulimwingiza paka ndani siku nne zilizopita tukamwachia nyumba nzima ajisikie yuko huru. Tangu siku hiyo yuko chini ya kitanda. Mchana hali kabisa. Mume wangu anasema tumrudishe tulikomtoa. (Mama Mwenye Wasiwasi)

Mama, msimrudishe bado. Uhuru mliompa ndio unaomtisha. Paka hutulia mahali anapojua kila kona, kila harufu na kila njia ya kutokea. Mmempa vyumba vyenye sauti asizozijua na watu wanaopitapita, naye amechagua sehemu pekee aliyoweza kuilinda.

Mtengenezeeni chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofunga, hata bafu lisilotumika sana linafaa. Kabla ya kumhamishia humo, zibeni uvungu wa kitanda, nyuma ya kabati na kila upenyo ambao mkono wenu haufiki. Kisha mpeni maficho ninyi wenyewe: katoni lililolazwa ubavu, matundu mawili pande tofauti ili asijione amebanwa, na ndani nguo mliyokwisha ivaa bila kuifua. Maficho si kumdekeza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilinganisha paka wapya wa kituo cha wanyama, baadhi wakiwa na sanduku la kujificha na wengine hawana. Wenye sanduku walitulia mapema zaidi.

Chakula kiwe upande mmoja, choo upande wa mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na maji mbali na vyote viwili. Paka wengi hawapendi kunywa maji yaliyo ubavuni mwa chakula, na hakuna anayetaka kula chooni. Matandiko msiyafue siku za mwanzo. Harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake.

Sasa ninyi. Ingieni mmoja mmoja, mara mbili au tatu kwa siku, dakika 15 hadi 20. Keti sakafuni ubavu ukiwa upande wake, usimkodolee macho, soma kitu kwa sauti ya chini. Usimfuate. Akikutazama, fumba macho polepole, yaweke hivyo kidogo, yafumbue polepole. Utafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba paka huelekea kujibu ishara hiyo na humkaribia kwa urahisi zaidi mtu asiyemjua anayeifanya. Ni bure, haina madhara.

Akianza kula mbele yako, mletee kitu kitamu kwenye kijiko chenye mpini mrefu. Siku zinazofuata kishike karibu na ncha zaidi, mpaka kinachobaki ni kidole chako. Kidole hicho kiweke usawa wa pua yake, kisitembee, umwache anuse. Akisugua shavu lake hapo, amekupa ruhusa: mkune mashavuni au chini ya kidevu kwa sekunde tatu, kisha acha uone kama anaomba tena. Tumbo na mkia viache. Ncha ya mkia ikianza kupigapiga, ngozi ya mgongo ikitetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, au masikio yakigeukia kando, toa mkono kabla hajakutolea kucha.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kumvuta kwa nguvu kutoka mafichoni "azoee." Anachojifunza ni kwamba hata maficho hayamlindi, na mara ijayo atapigana.

Kuhusu kula: wengi hula usiku wa manane watu wakilala. Pima chakula kwa mizani au weka alama kwenye bakuli jioni, uangalie asubuhi. Ikiwa kimepungua na chooni kuna mkojo na kinyesi, subira tu. Lakini paka mzima akipitisha saa 24 bila kutia kitu mdomoni, mpigie daktari simu. Akifika saa 48, mpeleke. Paka asiyekula hupeleka mafuta ya mwili kwenye ini kwa wingi mno, ini likashindwa, na anayeanza na unene ndiye aliye hatarini zaidi. Mtoto wa paka hangoji hata saa hizo 24. Wakati huo jaribu kupasha chakula laini kifikie joto la mwili, harufu ipande. Kama unajua alichokuwa akila, mpe hicho hicho kwanza, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa siku 7. Chakula cha mbwa kisigeuzwe kuwa chakula chake: hakina taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka, ya kumtosha, na upungufu wake huharibu moyo na macho.

Wafugaji hupenda kusema siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 za kujiona wa nyumbani. Ni makadirio tu, na wa mtaani huweza kuchukua zaidi. Mlango wa chumba mfungulieni akiwa anakula vizuri, anatumia choo, na anakuja mlangoni mkia juu mnapoingia. Hata hapo, chumba kimoja baada ya kingine, na katoni lake libaki palepale.

Nina paka wangu wa miaka mitano. Wa mtaani nimempata jana, anaonekana mzima. Naweza kuwaacha pamoja leo? (Msomaji)

Hapana. Kwanza ni magonjwa. Mtenge siku 14, mlango umefungwa, vyombo na choo vyake peke yake, na unawe mikono ukitoka. Mafua ya paka hupanda polepole, na panlukopenia, ugonjwa unaoua watoto wa paka kwa kuhara na kutapika, huweza kuingia na paka ambaye bado hajaonyesha dalili. Virusi vyake hukaa nyumbani hadi mwaka mzima na sabuni haviisikii. Ili kuviua, ondoa uchafu kwanza, kisha tumia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 32 (karibu mililita 30 kwa lita 1), iloweshe sakafu dakika 10, suuza. Changanya upya kila siku. Isiguse dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye amonia au asidi, na paka asiwe ndani.

Pili, daktari, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Ampime uzito, aangalie meno, masikio na ngozi, na ampime virusi viwili vinavyodhoofisha kinga ya paka, ambavyo madaktari huviita FIV na FeLV. Majibu safi ya leo hayatoshi, kwa kuwa maambukizi mapya hayaonekani mara moja: rudia kipimo baada ya siku 60. Kwa upande wa pili, mtoto wa chini ya miezi 6 akionekana ana FIV, huenda ni kinga ya mama yake tu iliyosomwa. Mkubwa asiye na historia hupewa chanjo mbili za msingi, wiki 3 au 4 kati yake, na ya kichaa cha mbwa. Dawa ya minyoo iwe ya minyoo mviringo na tegu pia, kwani tegu huingia pamoja na viroboto anaowameza akijiramba.

Viroboto vitafute kwa kitana chenye meno ya karibu, shingoni na juu ya mkia. Ukipata chembe nyeusi tu, ziweke kwenye karatasi nyeupe iliyolowa maji: zikiyeyuka na kuacha duara jekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Dawa iwe ya paka. Dawa ya mbwa yenye permetrini huua paka, kwa kutetemeka na degedege, wakati mwingine kwa tone alilolilamba tu. Na kwa kuwa tuko hapo: paracetamol pia ni sumu kwake, hata kipande kidogo. Mayai na mabuu ya viroboto yako kwenye mazulia, si kwenye paka, kwa hiyo fua matandiko kwa maji ya moto na endelea na dawa miezi mitatu mfululizo. Ukiona masikioni uchafu mweusi mkavu kama unga wa kahawa, pengine ni utitiri. Daktari atathibitisha.

Siku 14 zikiisha, waanze kujuana kwa pua. Futa mashavu ya mmoja kwa soksi safi, iweke karibu na sahani ya mwenzake, kisha kinyume chake. Wakila bila kuijali soksi, walisheni pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zisogee siku hadi siku. Halafu mlango wazi kwa upana wa vidole viwili, uwe umezuiwa, au wavu. Mwisho, chumba kimoja kwa dakika 5, kila mmoja akiwa na chakula au mchezo. Kufoka na kugeuziana mgongo ni lugha ya kawaida. Kukodoleana macho kimya, miili imekakamaa, ndilo jambo la kukatiza: ingiza kipande cha kadibodi katikati, usiingize mkono, kisha rudi hatua moja nyuma. Wale wanaoshauri "waache wapigane wamalizane" hawasemi kwamba pambano moja la kweli laweza kuwagharimu miezi ya kuanza upya.

Ana sanduku zuri la choo lakini anakojoa kwenye vyungu vya maua. (Mwenye Vyungu)

Kwa maisha yake yote, udongo ndio choo. Jaza sanduku udongo mkavu ule ule, kina cha sentimita 5 hadi 7, na kila siku mbili tatu ongeza kikombe cha mchanga wa paka huku ukipunguza udongo. Sanduku liwe na urefu wa mara moja na nusu ya paka kuanzia pua hadi shina la mkia, halina kifuniko, halina manukato. Yanayouzwa mengi ni madogo. Beseni pana la plastiki lililokatwa upande mmoja apitie hufanya kazi vizuri. Chota uchafu kila siku. Idadi ya masanduku ni idadi ya paka ukiongeza moja, na yasipangwe pamoja, kwani kwa paka masanduku mawili yaliyogusana ni choo kimoja. Vyungu vifunike kwa kokoto kubwa. Na kama una maua ya yungiyungi, yatoe nyumbani kabisa: hata chavua yake huharibu figo za paka.

Dume anayeenda chooni mara kwa mara, anajikamua, analia na hatoi kitu au anatoa matone, asingojwe mpaka kesho. Njia ya mkojo imeziba, na hilo huua kwa siku moja au mbili.

Nimekuta mtoto wa paka mtaroni, macho yamefunguka, anatembea kama mlevi. Nimpe maziwa? (Mwanafunzi)

Kama hayuko hatarini na ana joto, kaa mbali uangalie saa chache. Mama huenda amekwenda kuwinda. Kama ni baridi na amelowa, mchukue. Mpashe joto kwanza, chakula baadaye: mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, na nafasi ya yeye kuikimbia ikizidi joto. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka, mpe akiwa amelala kifudifudi kama anayenyonya, kamwe si chali, maana yataingia mapafuni. Kwa maelezo yako ana karibu wiki 3, basi kila saa 4 hivi, hata usiku. Baada ya kila mlo mfute chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Hawezi vizuri mwenyewe hadi wiki 4 hivi. Mpime kila siku saa ile ile: anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15. Siku asiyoongeza, nenda kwa daktari.

Nina mimba ya miezi mitatu na wifi yangu anasema paka aondoke kwa sababu ya ugonjwa wa kinyesi chake. (Mjamzito)

Dada, wifi hakukosea kuhofu, ila paka hahitaji kuondoka. Kimelea ni toksoplazma. Paka hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 tu, kwa kawaida mara ya kwanza anapoambukizwa, na kinyesi kinahitaji siku 1 hadi 5 ndipo kiweze kuambukiza. Choo kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari hushuka sana. Huna mwingine? Vaa glavu, nawa kwa sabuni. Paka asile nyama mbichi wala asiwinde. Nawe nyama yako iive sawasawa, mboga zioshwe, na bustanini uvae glavu, kwani njia hizo nazo zaweza kukuletea hata kama hujawahi kufuga paka. Mweleze mkunga au daktari wako. Kuna kipimo cha damu.

Ameniuma nilipokuwa namtia kwenye kasha. Kidonda ni kitundu tu. (Msomaji)

Kitundu cha paka ndicho kibaya: jino lake ni jembamba na huacha vijidudu ndani, kisha ngozi hufunga juu yake. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya leo, si ukiona uvimbe. Waeleze kwamba ni paka asiye na historia ya chanjo, waamue kuhusu kichaa cha mbwa na pepopunda. Paka asiuawe wala kuachiwa: afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Kila usiku anakwaruza mlango na kulia atoke. Nimfungulie? (Asiyelala)

Kwanza, amefungwa kizazi? Jike huweza kupata mimba akiwa na miezi 4 tu, na hata mama ambaye bado ananyonyesha huweza kuipata, na akiwa kwenye joto la kutaka dume hatanyamaza. Dume asiyehasiwa naye husikia wito huo. Daktari apange upasuaji mapema. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtenge na jike asiyefungwa.

Kama hilo limekwisha, ni ratiba. Paka huchangamka alfajiri na magharibi. Mchezeshe dakika 10 hadi 15 kabla hujalala, kamba yenye manyoya inayokimbia kama windo, umwache alikamate, kisha mpe mlo mkubwa wa siku. Windo, mlo, kujiramba, usingizi: ndio mpangilio wake. Akilia usiku usiende hata kumkemea, maana kukemea nako ni kuja. Usiku wa kwanza na wa pili kelele zitaongezeka. Ukifungua usiku wa tatu, umemfundisha kwamba kelele za siku tatu hulipa.

Kumtoa nje si lazima. Paka wengi wa mtaani hukubali ndani wakiwa na dirisha la kutazamia na mahali pa juu pa kukalia. Ukiamua kumtoa, iwe baada ya wiki 4 kamili ndani, amechanjwa, ana chipu, na ameshazoea sauti moja ya kuitiwa chakula, tuseme kijiko kugongwa kwenye bakuli. Mfungulie mchana kabla ya mlo, akiwa na njaa. Usimbebe, atoke mwenyewe, mlango ubaki wazi. Baada ya dakika 10 gonga bakuli.

Akiponyoka kabla ya wakati, usianze na mtaa wa tatu. Paka aliyeogopa mara nyingi hujibana karibu, chini ya ngazi, ndani ya banda, nyuma ya mapipa, na hatajibu hata akisikia jina lake. Toka usiku kukiwa kimya, shika tochi usawa wa macho yako uimulike chini ya kila kitu katika nyumba zinazokuzunguka, na utafute mng'ao wa macho mawili. Ukiyaona usikimbilie. Keti, gonga bakuli, na umtume mtu mwingine alete kasha.